Dar es Salaam hadi Nairobi kwa ndege: umbali, muda wa safari na maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni kilomita ngapi kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwa ndege?

Ukipima mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (DAR) hadi Jomo Kenyatta (NBO), unapata takriban kilomita 665. Kwa maili za nchi kavu ni kama 413, na kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia, ni kama 360.

Ndege yenyewe huruka zaidi ya hapo kidogo. Hufuata njia za anga zilizopangwa, huzunguka kuitafuta njia ya kutua, na mara nyingine huelekezwa pembeni kupisha ndege nyingine au wingu la mvua. Usishangae ukiona skrini ya ndani ya ndege inasoma kilomita 700.

Mbona kila tovuti inataja umbali tofauti?

Sababu ni mbili, na hakuna kati yake iliyo kosa. Ya kwanza ni sehemu kipimo kinapoanzia. Kuna wanaopima kiwanja hadi kiwanja, na kuna wanaopima katikati ya jiji hadi katikati ya jiji, yaani Posta hadi katikati ya Nairobi. Hao wa pili hupata kama kilomita 670.

Ya pili ni umbo la dunia. Programu nyingi huhesabu kana kwamba dunia ni mpira kamili, kumbe imebonyea kidogo kwenye ncha. Kwa safari hii inayoelekea zaidi kaskazini, hesabu ya mpira kamili inaongeza kilomita kama 3. Kwa hiyo 665, 668 na 670 zote zinaeleza safari ileile. Lakini ukikuta tovuti imeandika kilomita 900, hiyo imechukua umbali wa barabara.

Naweza kuuhesabu umbali huo mwenyewe?

Unaweza, kwa kalamu na karatasi, kwa sababu miji yote miwili iko karibu na ikweta. Dakika moja ya latitudo (dakika hii si ya saa, ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi) ni sawa na maili moja ya baharini. Huku kwetu dakika moja ya longitudo nayo ni karibu sawa na hiyo. Mbali na ikweta longitudo hubanana, na njia hii huanza kudanganya.

Kiwanja cha Dar kiko nyuzi 6 dakika 53 Kusini na nyuzi 39 dakika 12 Mashariki. Cha Nairobi kiko nyuzi 1 dakika 19 Kusini na nyuzi 36 dakika 56 Mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 5 dakika 34, yaani dakika 334. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 2 dakika 16, yaani dakika 136. Sasa tumia kanuni ya Pythagoras ya darasani: 334 mara 334 ni 111,556, 136 mara 136 ni 18,496, jumla ni 130,052. Kipeuo chake cha pili ni kama 360.6. Hizo ni maili za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 668.

Hesabu hiyohiyo inakupa na mwelekeo: kaskazini, ikiegemea magharibi kwa nyuzi kama 22. Kumbuka mwelekeo huo, tutauhitaji tukifika kwenye kiti cha dirishani.

Ndege inachukua muda gani?

Kwa ndege ya jeti, hewani ni saa moja na dakika chache. Kwenye tiketi utaona muda wa saa moja na dakika 15 hadi saa moja na dakika 30. Namba hizi mbili hupima vitu viwili. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama kwenye maegesho ya upande wa pili. Ndani yake mna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kutambaa hadi njia ya kurukia, foleni ya kusubiri zamu, na kutambaa tena baada ya kutua.

Ukiigawa safari ya jeti inakuwa hivi: dakika 10 hadi 15 chini Dar, kama dakika 20 za kupanda, dakika 20 za kwenda sawa juu, dakika 20 hadi 25 za kushuka na kujipanga kutua, kisha dakika 5 hadi 10 chini Nairobi. Ndege hii hutumia muda mwingi zaidi kupanda na kushuka kuliko kwenda sawa. Ndiyo maana ukichukua kilomita 665 ukagawa kwa mwendo wa jeti wa kilomita 830 kwa saa unapata dakika 48, jibu ambalo hakuna abiria anayeliona. Mwendo ule unapatikana katikati ya safari tu. Katika safari fupi, hesabu ya umbali gawa kwa mwendo iongezee robo saa ya hewani na dakika 20 za chini ndipo iwe na ukweli.

Aina ya ndege inabadilisha muda kiasi gani?

Sana kuliko watu wanavyodhani. Boeing 737, Embraer 190 na Airbus A220 zote ni jeti, na kati yao tofauti ni dakika chache. Tofauti kubwa iko kwenye ndege za pangaboi. ATR 72 huenda karibu kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo hukaa hewani kama saa moja na nusu, na tiketi yake itasoma karibu saa moja na dakika 50. Dash 8-400, yaani Q400, ni pangaboi yenye kasi, kama kilomita 650 kwa saa, nayo huishia katikati: saa moja na nusu kwenye tiketi.

Aina ya ndege huandikwa kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, kwa kawaida kwa maandishi madogo karibu na namba ya safari. Iangalie kabla hujalipa ikiwa una safari nyingine ya kuunganisha Nairobi. Shirika lina haki ya kubadilisha ndege siku yenyewe, lakini kwa kawaida ratiba hufuatwa.

Kwenda na kurudi ni muda uleule?

Karibu sawa. Upepo wa juu katika ukanda wa ikweta kwa kawaida si mkali, na unaikata njia hii kwa ubavu, hivyo hausukumi sana wala hauzuii sana. Kinacholeta tofauti ya dakika 5 au 10 ni upande ndege inaoelekea inaporuka na inapotua.

Ndege huruka na kutua ikiuelekea upepo. Njia kuu ya kurukia ya Dar imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi. Wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ndege kwa kawaida huruka kuelekea baharini kisha hukata kushoto kwenda Nairobi. Zinazofika kutoka Nairobi nazo hulazimika kupita hadi upande wa Pugu, zigeuke, ndipo zitue. Wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini, mambo hugeuka: anayetoka Nairobi huingia kutoka upande wa bahari, na anayeondoka huruka kuelekea Pugu halafu hurudi kulia. Nairobi nako njia ya kurukia ina mwelekeo unaofanana na huo, na ndege nyingi hutua zikitokea kusini-magharibi. Kwa hiyo anayetoka Dar huzungushwa kidogo kabla ya kushuka. Ukiona jiji liko pale na ndege inapiga kona kulipa mgongo, hakuna hitilafu, inatafuta upepo.

Kuna jambo jingine linalopendeza kulijua. Ndege zinazoelekea upande wa magharibi wa dira hupewa urefu wa namba shufwa na zile za upande wa mashariki namba witiri, zisigongane zikipishana. Kwenda Nairobi rubani atatangaza futi 34,000 au 36,000. Kurudi Dar atasema 35,000 au 37,000.

Nikae upande gani nione Kilimanjaro?

Kwenda Nairobi, kaa kushoto. Kurudi Dar, kaa kulia. Mstari wa safari hupita kama kilomita 30 mashariki ya mlima, na huo ni ukaribu mkubwa kwa ndege ya abiria. Kileleni ni mita 5,895, na jeti iko karibu mita 11,000, kwa hiyo unautazama mlima kwa chini: Mawenzi mbele yako, Kibo nyuma yake na theluji iliyobaki. Ukiwa kwenye ATR ni bora zaidi, kwa sababu ndege hiyo haipandi zaidi ya futi 25,000 na kilele kiko kama futi 19,300. Hapo mlima unalijaza dirisha.

Mlima hutokea kama dakika 35 hadi 40 baada ya jeti kuruka Dar. Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri. Adhuhuri mawingu huwa yamejaa mabondeni, ingawa mara nyingi Kibo hubaki kimechomoza juu yake kama kisiwa.

Kabla ya hapo, kama anga ni safi, unaweza kuifuata ramani kwa macho: mwambao wa Bagamoyo na Saadani, kisha Korogwe na mto Pangani, kisha milima ya Usambara karibu na Lushoto chini yako kabisa, halafu Pare upande wa kushoto na mbuga ya Mkomazi. Ziwa Jipe liko mpakani. Baada ya mlima ni Amboseli upande uleule wa kushoto, halafu tambarare za Konza, na ndege huwa imekwisha kuanza kushuka. Epuka viti vilivyo juu ya bawa. Kaa mbele kabisa au nyuma kabisa.

Kuna tofauti ya saa kati ya Dar na Nairobi?

Hakuna. Miji yote miwili iko kwenye saa za Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC. Ukitua, usiguse saa yako.

Tiketi imeandikwa 07:10. Hiyo ni saa ngapi kwetu?

Saa 1 na dakika 10 asubuhi. Tiketi hutumia mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane, na saa ya Kiswahili huanza kuhesabu kuche na kuchwe. Kwa hiyo toa 6: 09:35 ni saa 3 na dakika 35 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Kuanzia 19:00 toa 18: 20:45 ni saa 2 na dakika 45 usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza 6: 05:20 ni saa 11 na dakika 20 alfajiri.

Hatari halisi iko kwenye tarehe, na hapa ndipo watu hukosa ndege wakiwa na akili zao timamu. Tiketi ikisema Jumamosi 00:55, ndege inaondoka saa 6 na dakika 55 za usiku wa *kuamkia* Jumamosi. Unatakiwa uwe uwanjani Ijumaa saa 4 usiku. Anayesoma "Jumamosi usiku" akaenda Jumamosi baada ya Isha, ndege yake imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Na ukimwagiza mzee wa pwani kwa simu, mwambie wazi tarehe ya jioni ya kutoka nyumbani. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku huanza jua likitua, na "usiku wa Ijumaa" kwake unaweza kuwa usiku wa Alhamisi kwako.

Nifike uwanjani saa ngapi?

Hii ni safari ya kimataifa hata kama ni fupi kuliko kwenda Bukoba. Fika saa tatu kabla ya muda wa tiketi, au mbili na nusu ikiwa umekwisha kujiandikisha mtandaoni na una begi la mkononi tu. Kaunta za mizigo kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla, na mlango wa kupandia hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla. Mlango ukifungwa, ndege kuwa bado iko pale mbele ya macho yako hakukusaidii chochote: hesabu ya abiria na uzito imeshakabidhiwa kwa rubani.

Dar, safari za kimataifa huondokea Jengo la Tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, na lina barabara yake ya kuingilia. Mwambie dereva mapema. Akikupeleka Jengo la Pili kwa mazoea utapoteza dakika 15 za kuzunguka. Thibitisha jengo kwenye tiketi yako. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere. Usiku ni dakika 25. Jioni ya siku ya kazi inaweza kuwa saa moja na nusu, hata kwa daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, kwa sababu foleni huanza kabla yake na huendelea baada yake.

Upande wa Nairobi, kiwanja kiko Embakasi, kama kilomita 18 kutoka katikati ya jiji. Barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, ndiyo iliyobadilisha safari hii. Kwa njia hiyo unaweza kufika Westlands kwa dakika 20 hadi 30, na kwa Mombasa Road ya chini, saa za foleni, ni saa moja au zaidi. Mwulize dereva kama nauli aliyokutajia ina ada ya barabara ndani yake. Siku ya kurudi kumbuka pia ukaguzi wa barabarani kabla hujafika majengo ya abiria, ambapo abiria huweza kutakiwa kushuka na kupita kwa miguu. Uongezee dakika 15.

Safari nzima, nyumbani hadi mjini Nairobi, inachukua saa ngapi kwa kweli?

Saa sita ukiwa na bahati, na saa nane au tisa ukiwa na miadi isiyotakiwa kukosa. Hili ndilo swali tunalotamani watu waulize kabla ya lile la dakika ngapi hewani. Panga kwa kurudi nyuma kutoka mwisho.

Chukua mfano wa kikao cha saa 8 mchana katikati ya Nairobi. Unataka uwe umefika saa 7 na nusu. Kutoka Embakasi, weka saa moja na nusu kwa siku mbaya: utoke nje ya kiwanja saa 6. Uhamiaji na mkanda wa mizigo huchukua dakika 45 hadi 60: ndege iwe imesimama saa 5. Safari ni saa moja na dakika 25: iondoke Dar saa 3 na dakika 35, ambayo kwenye tiketi ni 09:35. Uwe uwanjani saa 1 kasoro dakika 25 asubuhi. Kutoka Kinondoni saa hizo foleni ya kuingia mjini imekwisha kuanza, kwa hiyo utoke nyumbani saa 11 na robo alfajiri. Karibu saa tisa, kwa ndege inayokaa hewani saa moja. Anayeondoka na ndege ya saa moja baadaye kwa kutazama muda wa hewani peke yake, akichelewa kidogo tu, anaingia kikaoni watu wakitoka.

Na kwa barabara je?

Njia kuu ni kama kilomita 915: Dar, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha kama 640, Arusha hadi Namanga kama 110, Namanga hadi Nairobi, kupitia Kajiado na Kitengela, kama 165. Ni zaidi ya umbali wa angani kwa kilomita 250. Barabara huanza kwa kwenda magharibi, kisha huzunguka milima ya Usambara na Pare kwa upande wake wa magharibi, halafu inaingia Arusha ambako ni magharibi zaidi kuliko Nairobi yenyewe. Ndege inaivuka Usambara kwa juu, na basi haliwezi.

Mwendo wa basi Tanzania ni mwisho kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Gawa mwenyewe: hata bila kusimama ni zaidi ya saa 11. Ongeza chakula, mizani, mpaka wa Namanga na foleni za Dar na za Kitengela, na saa 14 hadi 16 ni makadirio ya haki. Kwa abiria wa Namanga, kituo cha pamoja cha mpakani kimerahisisha kazi: unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja.

Njia ya pwani, kupitia Tanga, Horohoro, Lunga Lunga na Mombasa, ni ndefu kidogo, karibu kilomita 1,000, lakini inamfaa mwenye ndugu Tanga au Mombasa. Kutoka Mombasa unaweza kupanda treni ya SGR hadi Nairobi. Njia ya kati ni kuruka hadi Kilimanjaro (KIA) au Arusha kwa safari ya ndani na kumalizia kwa gari la abiria kupitia Namanga. Kwa nauli inaweza kupungua, lakini kwa muda inakula siku nzima.

Kwa nini nauli ya ndege ni kubwa kwa safari fupi hivi?

Kwa sababu sehemu ya nauli haijali kilomita. Ada ya abiria ya uwanja, ada za usalama, ada ya kutua na kodi za nchi mbili hulipwa sawasawa uende Nairobi au uende mbali zaidi ya hapo. Kupanda hadi futi 36,000 nako ndiko kunakokunywa mafuta, na hapa ndege inapanda mara moja kwa kila kilomita 665. Fungua mchanganuo wa bei kabla ya kulipa uone kodi na ada peke yake. Ukinunua mapema, na ukiepuka Ijumaa jioni, Jumapili jioni na wiki za Krismasi na Idi, sehemu inayoshuka ni nauli. Ada hazishuki.

Nahitaji hati gani?

Pasipoti. Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kuingia nchi ya mwenzake, lakini lazima wawe na hati ya kusafiria. Kitambulisho cha Taifa hakitoshi kwa safari hii. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa vitambulisho kwa mapatano yao, na Tanzania haimo. Wengi hugundua hilo wakiwa mbele ya kaunta. Mtoto naye anahitaji pasipoti yake, na akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi, beba barua ya ridhaa na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Cha pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania huidai kwa wanaofika kutoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo kwenye orodha. Kwa hiyo hata Mtanzania anayerudi nyumbani anaweza kuulizwa. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, hivyo kuchanja siku moja kabla ya safari hakukufai. Ukishachanjwa, tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa kwamba imeisha baada ya miaka 10.

Mizigo: nini hukwama?

Soma uzito kwenye tiketi yako yenyewe, maana tiketi za bei ya chini mara nyingine hazina begi la kukaguliwa kabisa. Pima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza. Kulipia kilo za ziada kaunta ni ghali kuliko kuzinunua mapema mtandaoni. Ndege ya pangaboi ina sehemu ndogo za juu za mizigo, na begi la mkononi lililopita kwenye jeti linaweza kuchukuliwa mlangoni liwekwe chini.

Pawabanki iende begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye la kukaguliwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha uwezo wake kwa volti 3.7: ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, inaruhusiwa. Ya mAh 30,000 ni 111, na bila ruhusa ya shirika itabaki mezani kwa wakaguzi. Vimiminika vya mkononi ni mililita 100 kwa chupa, na asali, achari na mafuta ya nazi huhesabiwa humo. Viweke chini kwenye begi kubwa, vifungwe vizuri.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa, hata kwa viatu.

Begi likivunjika au lisipofika, usitoke ukumbi wa mizigo kabla ya kujaza fomu ya taarifa kwenye dawati la shirika, na uondoke na nakala yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya uharibifu huandikwa ndani ya siku 7, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupate.

Nina ndege nyingine kutoka Nairobi. Niache nafasi ya muda gani?

Inategemea kama safari zote ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa moja, begi hupelekwa moja kwa moja hadi mwisho, hupiti uhamiaji wa Kenya, na ukichelewa shirika lina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine. Saa mbili zinatosha. Zikiwa tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, wewe ni abiria anayeshuka Nairobi kisha anayeanza upya: uhamiaji, mkanda wa mizigo, forodha, kutoka nje, kuhamia jengo jingine, kaunta, ukaguzi. Weka saa nne, na ikiwa ya pili ni ya masafa marefu, sita. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Ukiwa si raia wa Afrika Mashariki, angalia pia kama unahitaji kibali cha kuingia Kenya, kwa sababu utakuwa umeingia kweli.

Na hakikisha ndege ya pili inatoka Jomo Kenyatta. Ndege ndogo nyingi za kwenda mbugani huruka kutoka Wilson, kiwanja kingine kabisa, upande wa Lang'ata.

Ni wakati gani ndege huchelewa zaidi?

Asubuhi za mvua Nairobi, hasa Aprili, Mei na Novemba, ukungu na mawingu ya chini vinaweza kuzuia kutua. Ndege huzungushwa angani, na ukungu usipoinuka hupelekwa Mombasa au Kilimanjaro kusubiri. Dar, tatizo ni mvua kubwa za masika. Lakini sababu ya kawaida ni ndogo zaidi: ndege ileile huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na dakika 20 zilizopotea asubuhi huwa saa moja na nusu jioni. Ndege ya kwanza ya siku ina hatari ya ukungu. Ya mwisho ina hatari ya madeni ya siku nzima. Kwa miadi isiyosubiri, ile ya katikati ya asubuhi ndiyo salama.

Kwa nini masikio yanauma zaidi tukitua Dar kuliko Nairobi?

Ndani ya ndege hewa huwekwa kama ya mahali penye urefu usiozidi mita 2,400 hivi. Kiwanja cha Nairobi kiko mita 1,624, kwa hiyo masikio yana mabadiliko madogo ya kuzoea. Dar iko karibu usawa wa bahari, na shinikizo lote hilo hurudi ndani ya dakika 20. Meza mate, tafuna kitu, au bana pua na upulize taratibu. Mtoto mchanga mpe ziwa au chupa rubani anapotangaza kuanza kushuka, na mwenye mafua makali atumie dawa ya kuzibua pua nusu saa kabla ya hapo.